LPO ya Chuo Kikuu: Mzigo Unafika Leo, Pesa Inafika Lini?

Kama una duka la steshenari Kisumu, iwe ni kibanda cha fotokopi karibu na geti la chuo au duka la mbele kabisa Oginga Odinga Street, kuna siku barua pepe itaingia: chuo kikuu kinataka rimu, tona, faili na kalamu, na wewe ni mmoja wa walioombwa bei. Moyo unaruka, na sikulaumu. Umezoea mwanafunzi anayekuja na shilingi 20 kuchapisha kurasa mbili, halafu anaomba umpigie stapla bure. Sasa kuna mtu anazungumza habari ya katoni 120.

Makala haya ni ya siku hiyo. Hapa huwa tunaandika sana kuhusu Till, Paybill na jinsi ya kulinda PIN yako. Lakini duka linaweza kulinda PIN vizuri kabisa na bado lifungwe, kwa sababu pesa yake yote imelala kwenye stoo ya mtu mwingine ikisubiri sahihi. Kwa hiyo leo tufuate rimu ya karatasi kutoka dukani kwako mpaka pesa irudi, tuone inakwama wapi.

Geti ni nyingi

Upande wetu huu wa Ziwa hatuna uhaba wa vyuo. Maseno ilianza 1991 kama chuo kishiriki cha Moi, ikawa chuo kikuu kamili 2001. Makao yake makuu yako Maseno penyewe, pale ikweta inapokatiza barabara ya Busia, na ina bewa la mjini Kisumu, Varsity Plaza, kwenye Jomo Kenyatta Highway. Ukienda Bondo unakuta Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Jaramogi Oginga Odinga, kilichoanza 2009 kikiwa chini ya Maseno mahali palipokuwa chuo cha walimu, kikapata hati yake 2013. Ng'ambo ya ghuba, Homa Bay, kuna Tom Mboya, nacho kilizaliwa na Maseno. Mtu mwenye duka mjini anaweza kuuzia vyuo kadhaa bila kutoka nje ya kaunti tatu.

Hapo ndipo watu huona soko tu na kusahau umbali. Chuo chenye mabewa, au kampasi kama tunavyosema mtaani, kina ofisi moja ya ununuzi lakini kina milango mingi ya kupokelea mzigo. Oda inaandikwa makao makuu. Karatasi inahitajika mjini. Mtihani unafanyika kote. Na anayelipa hajawahi kuona sura yako.

Angalia uzito peke yake. Karatasi ya A4 ya gramu 80 kwa mita mraba, rimu moja ya karatasi 500 ina karibu kilo 2.5. Katoni ina rimu tano, kwa hiyo kilo 12 na nusu. Katoni 120 ni tani moja na nusu. Probox haibebi hiyo kwa safari moja, hata dereva akikuapia kwa jina la mamake. Sasa gawanya tani hiyo mara tatu: nyingine Maseno, nyingine mjini, nyingine kituo cha mbali zaidi. Ukiandika kotesheni kwa bei ya kaunta yako bila kuuliza mzigo unashushwa wapi, umeshaanza kupoteza kabla hujauza.

Basi swali la kwanza kumuuliza afisa wa ununuzi lisiwe bei. Uliza: "Madam, mzigo unapokelewa stoo gani, na ni stoo ngapi?" Jibu liandikwe. Kama ombi la bei lenyewe halisemi, omba lifafanuliwe kwa barua pepe, halafu bei yako ijibu hilo hilo.

Chuo hakinunui kama wewe na mimi

Sisi tukiishiwa na sukari tunatuma mtoto. Chuo cha umma hakiwezi. Kinafungwa na Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015 na kanuni zake za 2020. Kinatakiwa kiwe na mpango wa ununuzi wa mwaka mzima kabla mwaka wa fedha haujaanza tarehe 1 Julai. Kitu kisichokuwa kwenye mpango ni vigumu kununuliwa, hata kama mkuu wa idara anakihitaji kweli na anakupigia simu kila siku.

Kwa bidhaa ndogo ndogo, kanuni zinaruhusu ununuzi wa moja kwa moja usiozidi shilingi 50,000 kwa kila aina ya bidhaa katika mwaka wa fedha. Juu ya hapo, kwa bidhaa hadi shilingi milioni 3, njia ya kawaida ni kuomba kotesheni kutoka kwa wafanyabiashara wasiopungua watatu waliomo kwenye orodha ya chuo. Zaidi ya hapo ni zabuni yenyewe. Duka la saizi yako huishi kwenye hizo mbili za kwanza, kwa hiyo kuwemo kwenye orodha ndio mwanzo wa yote. Chuo hutangaza usajili wa wauzaji kwenye tovuti yake na kwenye tovuti ya serikali ya zabuni, tenders.go.ke. Mwaka 2025 serikali ilianza kuhamishia ununuzi kwenye mfumo mpya wa kielektroniki, kwa hiyo soma tangazo la chuo husika uone wanataka ujiandikishe wapi. Usifuate ulivyofanya mwaka juzi.

Kama wewe ni kijana, mwanamke au mtu anayeishi na ulemavu, chukua cheti cha AGPO. Sheria inatenga asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi kwa makundi hayo. Cheti ni bure. Mtu akikuambia anaweza "kukuharakishia" kwa elfu tano kwenye namba yake, huyo tutamzungumzia chini.

Neno moja kuhusu bei, kwa sababu linaumiza watu. Zamani karatasi nyingi za nchi hii zilitoka PanPaper, Webuye, si mbali na hapa. Kiwanda kilifunguliwa miaka ya 1970 na kikasimama 2009, na hata baada ya mwekezaji mpya kukichukua 2016, karatasi nyeupe ya fotokopi unayouza leo kwa sehemu kubwa imetoka ng'ambo ikashuka Mombasa. Ina maana bei yako inapanda na dola. Katikati ya 2023 dola ilikuwa kama shilingi 140. Januari 2024 ilifika karibu 160. Baadaye mwaka huo huo ikarudi karibu na 130. Na sheria hairuhusu bei ya mkataba kupandishwa ndani ya miezi 12 tangu utiwe sahihi. Aliyefunga bei ya mwaka mzima Julai 2023 bila kuacha nafasi, alipumua kwa shida Krismasi ile. Kotesheni ya mara moja iandikie muda wa kuisha, mfano siku 30. Mkataba wa mwaka uwekee nafasi ya kupumua, hata kama utaonekana ghali kidogo kuliko jirani.

"Mzigo umefika" ina maana mbili

Hapa ndipo pesa nyingi hukwama, kwa hiyo twende polepole.

Umeshinda kotesheni. LPO imetoka, ina namba, tarehe, sahihi na muhuri. Unapeleka mzigo. Kwako wewe, mzigo umefika ukishashushwa. Kwa chuo, mzigo umefika wakati stoo imeandika kwenye vitabu vyake kwamba umepokelewa, na kabla ya hapo kuna kamati ya ukaguzi na upokeaji inayotakiwa kuthibitisha kwamba kilicholetwa ndicho kilichoagizwa. Kwenye taasisi za umma fomu ya kupokelea stoo inajulikana kwa namba yake, S13. Fomu ya idara kuchukua kutoka stoo ni S11. Ukimsikia mtu wa malipo akikuuliza "S13 yako iko wapi?", hatanii. Bila hiyo, ankara yako ni karatasi tu.

Sasa fikiria LPO moja yenye vituo vitatu. Makao makuu wamepokea katoni 60 na kuandika siku hiyo hiyo. Bewa la mjini wamepokea 40, lakini mtu wa kamati alikuwa kwenye mitihani, fomu ikaandikwa wiki mbili baadaye. Kituo cha tatu walipokea 20, mlinzi ndiye aliyetia sahihi kwenye hati yako ya kuwasilisha mzigo, ile kila mtu huita dilivari, na stoo haina habari. Ankara yako ni moja ya katoni 120. Idara ya fedha inaona 100. Haitalipa 100 na kukuachia deni la 20; mara nyingi itaweka faili zima pembeni mpaka zikamilike. Umefungwa na katoni 20.

Dawa yake si ya ajabu. Kila kituo kiwe na hati yake ya dilivari, yenye namba ya LPO, idadi ya pale tu, jina la aliyepokea lililosomeka, cheo chake, tarehe na muhuri. Mlinzi si mpokeaji. Mzee wa stoo, jaduong' aliyekaa pale miaka 20, msalimie vizuri, mpigie kabla hujatoka mjini, umuulize kama kamati itakuwepo. Heri gari lilale siku moja zaidi kuliko mzigo ulale pale bila kuandikwa. Na piga picha ya kila hati kabla hujaondoka getini. Simu yako ina kamera, itumie kwa kitu chenye faida mara moja moja.

Na kama LPO inawezekana kugawanywa kwa mabewa tangu mwanzo, kila bewa na oda yake na ankara yake ndani ya ununuzi ule ule, omba hivyo. Si kila chuo kitakubali, lakini kuomba si dhambi.

Kuhusu ubora nitasema kifupi. Kama LPO imesema gramu 80, usipeleke 70 ukidhani hakuna atakayepima. Mashine ya fotokopi itapima, itakwama katikati ya kuchapisha mitihani, na jina litakalotajwa ni lako. Tona ni vivyo hivyo: kama wametaka ya kampuni iliyotengeneza printa, tona ya kufananisha itarudishwa, nawe utakuwa umelipa gari mara mbili.

Hesabu ya usiku

Tuchukue mfano. Namba hizi ni za kufundishia, bei ya soko uiweke mwenyewe. LPO ya katoni 120. Unanunua kwa jumla KSh 2,800 katoni moja, unauza KSh 3,150. Mtaji unaohitaji ni 336,000. Ankara yako, kabla ya VAT, ni 378,000. Faida 42,000. Toa gari na watu wa kushusha mizigo vituo vitatu, tuseme 9,000. Umebaki na 33,000.

Vizuri. Sasa ule mtaji si wako, umekopa kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi. Hiyo ni 10,080 kila mwezi. Chuo kikilipa mwezi wa kwanza, unabaki na 22,920. Mwezi wa pili, 12,840. Mwezi wa tatu, 2,760, yaani umefanya kazi robo mwaka ukapata pesa ya samaki wawili wa Dunga na soda. Mwezi wa nne uko chini kwa 7,320, na bado unasalimiwa "tajiri wa tenda" ukipita.

Vyuo vya umma vinapata pesa kwa mawimbi: mgao wa Hazina, mikopo na ufadhili wa wanafunzi, karo. Madeni ya vyuo kwa wauzaji yamekuwa habari ya magazeti kwa miaka. Sheria inasema malipo yakichelewa riba inadaiwa, isipokuwa mkataba umesema vingine, lakini sijui mwenye duka dogo wa kupeleka chuo mahakamani kwa ajili ya rimu. Kwa hiyo usipange kwa siku 30. Panga kwa miezi mitatu, na uulize hivi kabla hujakubali: nikisubiri miezi mitatu, kodi ya duka inatoka wapi?

Kwa wengi wenu inatoka kwa yule mwanafunzi wa shilingi 20. Kuchapisha, fotokopi, kubaindi miradi ya mwaka wa mwisho. Pesa hiyo inaingia kwenye Till kila siku. Ningependa uione kama mshahara wa duka, usiiguse kwa ajili ya LPO. Siku unayochukua makusanyo ya Till ya wiki ukanunua katoni za chuo, umemkopesha chuo pesa ya mwenye nyumba.

Kama lazima ukope, tafuta mkopo uliotengenezwa kwa LPO. Mfuko wa Vijana na Mfuko wa Wanawake wa serikali wamekuwa na mikopo ya aina hiyo, na benki kadhaa pia. Watakuuliza LPO, watapiga simu chuoni kuhakikisha, na watataka kuona biashara yako inazunguka. Hapo taarifa ya miamala ya Till inasema ukweli kuliko maneno yako. Lakini inasema ukweli ikiwa tu mauzo ya duka yameingia kwenye Till. Ukiwaambia wateja watume kwenye namba yako binafsi ili "kuepuka makato", benki itaona mtu anayetumiwa pesa na marafiki.

Kwenye akaunti imeingia pungufu?

Wengi hukasirika siku ya malipo. Turudi kwenye mfano. Kama umesajiliwa kwa VAT, ambayo ni lazima mauzo yakifika milioni 5 kwa mwaka, ankara ya 378,000 inaongezwa asilimia 16, inakuwa 438,480. Chuo, kama wakala wa KRA, kinazuia asilimia 2 ya thamani kabla ya VAT: 7,560. Na tangu mwisho wa Desemba 2024 kuna kodi ya zuio ya asilimia 0.5 kwa bidhaa zinazouzwa kwa taasisi za umma: 1,890. Kwenye akaunti inaingia 429,030. Hujaibiwa. Hizo 9,450 ni kodi uliyolipiwa mapema, na zitakuhesabikia kama cheti chake kiko kwenye iTax. Kikikosekana, fuatilia mwezi huo huo, maana mwaka ukipita hakuna anayekumbuka.

Ankara yenyewe iwe ya eTIMS. Tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara hiyo haikubaliki kwenye hesabu za kodi, ndiyo maana taasisi zimekuwa wakali. Huhitaji mashine ya bei mbaya. KRA imeweka njia nyepesi, hata kwa simu ya kawaida kupitia *222#.

Na sasa niseme kitu ambacho bosi wangu wa mauzo huenda asipende: LPO kubwa hailipwi kwenye Till. Chuo kitalipa benki, kwenye akaunti yenye jina lile lile lililo kwenye LPO na kwenye PIN ya KRA. Simu inakusaidia kabla na baada. Kabla, unapomlipa muuzaji wa jumla: muamala mmoja wa simu unafika hadi KSh 250,000 na siku nzima 500,000, viwango vilivyopandishwa 2023. Ile 336,000 ya mfano haiendi kwa mara moja, itakwenda mara mbili. Ukilipa kwa Paybill, sehemu ya namba ya akaunti andika rejea moja kwenye miamala yote miwili, kwa mfano namba ya LPO, ndipo baada ya miezi mitatu ujue pesa ile ilikuwa ya nini. Mwenye LPO za vyuo viwili kwa pamoja atanielewa.

Wateja wa elfu tano tano

Kuna biashara nyingine ya chuo ambayo haipigiwi kelele, nami naipenda zaidi. Ofisi ya bewa imeishiwa na bahasha. Katibu anapewa masurufu, ile pesa ambayo afisa hukabidhiwa kwa matumizi madogo kisha anairudishia hesabu. Anatembea mpaka kwako, analipa kwenye Till, anaondoka. Umelipwa kabla hajafika mlangoni.

Anachohitaji kutoka kwako ni kimoja: risiti ya eTIMS yenye bidhaa zilizoandikwa moja moja, si "vifaa mbalimbali 4,800". Bila hiyo hawezi kurudisha hesabu, na pesa inaweza kukatwa kwenye mshahara wake. Mtolee haraka na bila kununa, na kesho ofisi ya jirani itakuja. Duka linalotoa risiti safi kwa dakika mbili linajulikana korido nzima.

Ila kuna mstari. Siku afisa akikuambia, "Boss, nigawie hii ya 130,000 iwe risiti tatu," hapo kataa. Kifungu cha 54 cha sheria kinakataza kugawa ununuzi ili kukwepa utaratibu. Vivyo hivyo akikuomba umtengenezee kotesheni tatu kwa majina matatu, mbili za kusindikiza. Mwenye duka akipatikana anaweza kufungiwa kuuza kwa taasisi yoyote ya umma, na kufungiwa huko hakupungui miaka mitatu. Afisa atahamishiwa bewa lingine. Wewe utabaki na katoni.

Mei na Juni

Mwaka wa fedha unafungwa 30 Juni. Kuanzia Mei idara zinakimbia kutumia kilichobaki na LPO zinatoka kwa kasi. Oda ya wiki ya mwisho ya Juni soma tarehe zake mara mbili: kama mzigo na ankara havijaingia kwenye vitabu kabla ya kufunga, malipo yanahamia bajeti ya mwaka mpya na foleni inaanza upya. Kama gari lako haliwezi kufika vituo vyote kabla ya tarehe hiyo, sema mapema, omba muda kwa maandishi.

LPO isiyokuwepo

Nimeacha hili mwisho kwa sababu linakula pesa yote kwa dakika kumi. Mtu anapiga, sauti ya ofisini kabisa. Anajitambulisha kuwa ni wa ununuzi wa chuo fulani. Anakuita kwa jina la duka. Anatuma LPO yenye nembo, namba na muhuri. Bidhaa yenyewe ni kitu ambacho hujawahi kuuza, tona ya modeli ya ajabu au kemikali ya mashine, na bei waliyokupa ina faida nono. Hujui pa kuipata? Hakuna shida, anakupa namba ya "msambazaji pekee". Msambazaji anapokea simu mara ya kwanza, ana mzigo, anataka alipwe kwa simu kwanza, na leo, kwa sababu mkutano wa baraza la chuo ni kesho.

Msambazaji na afisa ni mtu mmoja. Ukishatuma, simu zote mbili zinazimwa.

Aina ya pili ni ndogo lakini inapata wengi: "ada ya usajili", "ada ya kufungua faili", shilingi 3,500 kwa namba ya mtu. Chuo kikiwa na ada yoyote halali kitaitangaza kwenye tangazo lake, na italipwa kwa akaunti ya chuo, si kwa mtu.

Kabla ya kubonyeza PIN, jina la mpokeaji linatokea kwenye skrini. Lisome. Kama kampuni ya usambazaji inaitwa hivi na jina linalotokea ni la mtu binafsi, ghairi hapo hapo. Angalia pia barua pepe: ya chuo cha Kenya huishia na .ac.ke, na herufi moja ikiongezwa katikati si ya chuo tena. Halafu piga simu chuoni kwa namba uliyoitafuta mwenyewe kwenye tovuti yao, si ile iliyo kwenye LPO, uombe kuunganishwa na ofisi ya ununuzi na uwasomee namba ya LPO. Ukiwa mjini, panda matatu uende. Nauli ya Maseno ni ndogo kuliko tona hewa.

Ukiwa umeshatuma, usimpigie tapeli kumsihi. Pigia huduma kwa wateja dakika hiyo hiyo ukiwa na namba ya muamala, kwa sababu pesa ikishatolewa kwa wakala hakuna cha kuzuia. Kisha nenda kituo cha polisi na ile LPO, meseji na taarifa ya muamala, upate namba ya OB, na utume nakala ya LPO hiyo kwa chuo chenyewe ili waonye maduka mengine.